Herufi ya Mzee Desta

Springfield, Jumamosi mchana

Mwanangu Anande,

Umetoka hapa saa nne kwenda kumalizia zamu yako ya mwisho kwenye duka la viatu. Mimi nimefunga mlango wa chumba chako, nimewasha feni, nimekaa kwenye kitanda ambacho tayari umekivua mashuka. Jioni watu wanakuja kukuaga, na kesho alfajiri baba yako anakupeleka kupanda basi la Iowa. Nina saa chache tu, na kalamu hii inaishiwa wino, kwa hiyo ukiona rangi imebadilika katikati usishangae.

Mambo ya koti, soksi za sufu, kadi ya benki na kutomfungulia mlango mtu usiyemjua nimemwachia baba yako. Ameandika karatasi mbili, mbele na nyuma, na atakusomea garini utake usitake. Mvumilie. Ndiyo namna yake ya kulia. Mimi nina jambo moja tu, ila ni refu. Soma polepole, na ukikwama kwenye Kiswahili changu soma kwa sauti, masikio yako yanakijua kuliko macho yako.

Ni lile la juzi Alhamisi.

Mzee Desta alikuja na kitabu chake akiwa amekifunga kwenye gazeti. Mama Glory wa ghorofa ya chini alikuwa ameshajaa kwenye kochi letu na mfuko wake wa zawadi, yule hakosi mahali penye chai. Mzee akakupa kitabu kwa mikono miwili, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Ukautazame vizuri udongo wa huko, halafu uje uniambie." Mama Glory akageuka na kikombe mkononi.

"Udongo? Ai! Anande, si mamako alituambia ni medicine unaenda kusomea? Ama ni mimi sikuskia poa?"

Ukaniangalia. Kidogo tu, wala hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Kisha ukamgeukia, ukatabasamu, ukasema, "Kind of, Auntie. It's, like, related."

Mama Glory akaridhika, akatoa kile chombo cha kusikilizia moyo alichokununulia, chenye mpira wa zambarau, akakuvika shingoni. Wageni wengine wakapiga makofi. Mzee Desta hakupiga. Alikuwa anaikunja ile karatasi ya gazeti, anaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama sabuni.

Mwanangu, sauti uliyotumia kumjibu Mama Glory ninaijua. Niliisikia mara moja tu kabla ya hapo, miaka minne iliyopita, kwenye simu ya jikoni. Ni mimi niliyekufundisha. Tangu Alhamisi nimekuwa nikipika na kufua nikiisikia, na sitakubali uondoke nayo hapa kama vile ni kitu ulichozaliwa nacho.

Kisa chenyewe unakijua kwa upande wako. Kwa upande wangu hujakisikia, kwa sababu nilihakikisha hukisikii.

Unakumbuka nilivyokuwa najivunia vidole vyangu. Nilisomea uhazili nyumbani, nilikuwa napiga chapa huku nikizungumza na mtu, bila kutazama chini, na bosi wangu Dar alikuwa akileta wageni waje kuniangalia kana kwamba mimi ni sarakasi. Halafu tukaja huku, vidole hivyohivyo vikawa vya kugeuza wazee kitandani na kubadilisha mashuka, miaka mitatu. Siisemi vibaya kazi ile, imetulisha. Ila Hirut aliponichukua kwenye duka lake la uchapaji kule Columbia Heights, nilihisi kama nimerudishiwa mikono yangu. Unalikumbuka lile duka, ngazi sita kwenda chini, joto la mashine, harufu ya wino na kahawa. Kadi za harusi, ratiba za kanisa, menyu za mikahawa, karibu zote kwa maandishi ya Kiethiopia. Mimi Mpare wa Same nikajifunza herufi zile zaidi ya mia mbili kwa sura tu, kama unavyojua nyuso za majirani kabla hujajua majina. Wateja walikuwa wanacheka. Sikuwa naelewa hata neno moja la nilichokuwa nachapa, na sikuwa nakosea.

Hapo ndipo palipoanzia kiburi chenyewe.

Mzee Desta alishuka zile ngazi sita mwezi ambao Hirut alikuwa amesafiri kwenda kumuuguza mama yake. Alikuwa mlinzi wa maegesho ya magari katikati ya jiji, kazi ya kukaa ndani ya kibanda cha kioo kutwa nzima, na katika kibanda kile alikuwa ameandika madaftari kumi na moja. Yote yalihusu mmea mmoja tu. Kwao Gurage kuna mmea unaofanana na mgomba lakini hawali tunda lake. Wanakula shina na mzizi, wanakwangua, wanachimba shimo, wanauzika ardhini miezi na miezi hadi uchachuke, ndipo wanapika mkate wake. Mama yake alikuwa anazijua aina zake kwa majina, ipi ya udongo mwekundu, ipi ya kumpa mwanamke aliyejifungua, ipi ya mwaka wa njaa. Mama alikuwa amekufa. Ndugu waliobaki walikuwa wamehamia mjini Addis Ababa. Yale majina yalikuwa yamebaki kwenye kichwa cha mzee mmoja anayekata tiketi za magari, na kwenye madaftari yale.

Shida ilikuwa herufi moja. Lugha ya mama yake ina sauti ambazo Kiamhara hakikuziwekea herufi, na mojawapo inakaribia mwanzo wa neno letu mwana. Wasomi wao walishaibunia herufi zamani, ni m yao ya kawaida iliyoongezewa kijialama. Kwa mkono inaandikika bila taabu. Kwa kompyuta haikuwepo. Nilikueleza wakati ule, ila nakukumbusha, kwamba kompyuta haijui herufi, inajua namba. Kuna orodha moja ya dunia nzima, kila herufi ya kila lugha inapewa namba yake humo, na ikishapewa kompyuta yoyote popote itaijua. Herufi nyingi za Kiethiopia zilikuwa zimeshaingia. Hiyo ya Mzee Desta ilikuwa bado inasubiri nje.

Ningeweza kumwambia hivyo. Ningemwambia, mzee, herufi yako haipo, tuache nafasi uijaze kwa kalamu. Angekubali, ni mtu wa kukubali. Lakini mimi ningeonekana nimeshindwa, na bosi hayupo, na mteja ananitazama vidole.

Kwa hiyo nikafanya ujanja. Kompyuta ya duka ilikuwa na programu ya kuchorea herufi. Nikatafuta alama ambayo sikuwa nimewahi kuona mtu akiitumia, nikaichagua ile ya robo tatu, tatu juu, nne chini. Nikaifuta sura yake na mahali pake nikachora herufi ya mzee, safi kabisa, hata kijialama chake. Tangu hapo kila nilipobonyeza robo tatu, kwenye skrini ilitokea herufi ya mama yake. Kwenye karatasi pia. Lakini kompyuta ilikuwa haijui lolote, kwake pale palikuwa robo tatu vilevile, imevalishwa nguo tu.

Na zaidi ya hapo, haikujulikana popote isipokuwa kwenye mashine ile moja.

Nilichapa kurasa zote kwa muda wa wiki saba. Wewe ulikuwa unakuja nami Jumamosi, unakaa juu ya maboksi ya karatasi na kazi zako za shule. Ni wewe uliyeona ile programu imefunguliwa, ukaniuliza, nikakuonyesha kwa majivuno. Ukasema, "But Mama, akifungua kwa computer yake itakuwa aje?" Umri wako miaka kumi na minne. Nikakwambia kunywa soda yako.

Siku ya kumkabidhi nilimtolea kwenye karatasi kurasa chache za mwanzo kama sampuli, na mzee aligusa jina la mama yake kwenye ukurasa wa kwanza kwa kidole. Kitabu kizima nikamchomea kwenye sidii. Nikamwambia, "Sasa imeingia kwenye kompyuta, haipotei tena." Desturi ya dukani ni mteja kuondoka na makaratasi yake aliyotuletea. Akayatazama madaftari yake kumi na moja pale kaunta. Alikuwa anaishi chumba kimoja na mpwa wake, kitanda kwa kitanda. Akaniuliza kama bado anayahitaji. Nami, Anande, kwa kicheko kabisa, nikamwambia anaweza kuyatupa.

Akayatupa. Aliniamini.

Unajua kilichofuata. Alituma sidii kwa dada yake Addis Ababa wakachapishe kitabu. Wakafungua, kila mahali robo tatu. Kila mmea robo tatu, mashimo robo tatu, jina la mama yao linaanza na robo tatu. Watoto wa dada wakacheka, halafu wakaacha kucheka, wakadhani mjomba amezeeka vibaya huko Marekani. Dada akampigia akamwuliza kama anakula vizuri. Na kompyuta ya duka, kwa vile shida haiji na adabu, ilikuwa imeshaungua wiki hiyohiyo, na herufi niliyochora ikaungua nayo. Sikuwa na nakala. Robo tatu zangu za uongo zilikuwa zimechanganyika na za kweli, maana kumbe kwenye sura za mapishi vipimo vile vilikuwepo, vichache, na nilivichapa bila kukumbuka ujanja wangu. Tena herufi ile hubadilika kidogo kwa kila irabu, na mimi, nikidhani ni mwandiko tu, zote nilizipa robo tatu moja. Mashine isingeweza kuzitenganisha. Ilihitaji mtu anayejua.

Akanipigia nyumbani. Ulipokea wewe. Uliposema ni Mzee Desta nilishika ubavu wa friji. Nikakuashiria, sipo. Ukamwambia sipo. Akapiga tena siku ya pili, nikakuashiria tena. Siku ya tatu hakuuliza nipo au sipo. Alikuuliza wewe. Aliuliza kama labda ni yeye aliyeandika vibaya kwenye madaftari, kwa sababu mkono wake siku hizi unatetemeka, na kwamba hawezi kuhakikisha tena kwa kuwa madaftari hayapo.

Ukaziba simu kwa kiganja ukanieleza anachouliza. Nilikuwa nyuma yako. Nikaweka mkono begani kwako, nikakunong'oneza, "Mwambie labda. Mwambie inawezekana."

Ukamwambia. Kwa sauti ileile ya Alhamisi, ya upole, yenye tabasamu. Halafu ukakata simu, ukaniangalia, ukaenda chumbani, na usiku huo hukula.

Nimefanya makosa mengi maishani, mengine nitakusimulia ukiwa na watoto wako ili ucheke. Hili halichekeshi. Kuchora herufi ilikuwa kiburi tu. Lakini nilimfanya mzee wa watu aushuku mkono wake mwenyewe, na nilitumia mdomo wa mwanangu kufanya hivyo. Mimi mwenyewe sikuthubutu. Nilikuweka mbele kama pazia.

Jumamosi iliyofuata ulisema unakwenda maktaba. Uongo wako wa kwanza ambao haukuwa wangu, na sijawahi kufurahia uongo wa mtoto kiasi hicho, ingawa furaha ilikuja imechelewa. Ulipanda treni peke yako hadi katikati ya jiji, ukazunguka kwenye majengo ya kuegesha magari ukiuliza kibanda baada ya kibanda, hadi ukampata. Saa nane mchana mlango wa duka ukafunguka, mkaingia wawili, yeye bado amevaa koti la kazi. Hirut alikuwa amesharudi, yuko kaunta. Nilitaka sakafu inimeze.

Mzee Desta akasema, "Mtoto wako amenieleza." Akavuta kiti. "Mimi nakumbuka maneno yote. Tuanze ukurasa wa kwanza."

Basi. Hayo tu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nikakosa pa kuiweka aibu yangu. Nikamtazama Hirut nikisubiri kufukuzwa, nikaanza kumweleza ile habari ya kuchora. Akanikatiza. "Unadhani sijui? Miaka kumi nimechora herufi hivyohivyo, kila mtu wa kazi hii amechora. Tofauti ni moja. Mimi nilikuwa namwambia mteja."

Hilo lilinichoma kuliko kufukuzwa.

Na nyumbani nikakutolea wewe hasira. Sikukupiga, nisijisifu kwa hilo. Nilikunyamazia. Siku tisa nilikuwekea chakula mezani bila kukusemesha, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na minne alikuwa amefanya lililonishinda, na sikuweza kumtazama. Siku ya kumi nikakuuliza kama una nguo za kufua, nawe ukanijibu, tukaendelea kana kwamba yamekwisha. Hayakwisha. Sikukuomba radhi siku ile wala siku yoyote baada yake. Nakuomba sasa. Nisamehe, Anande. Ulikuwa sahihi, na nilikuadhibu kwa kuwa sahihi. Nimeandika maneno haya mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuyaleta hapa, maana mkono ulikuwa unakimbia.

Msimu ule wote wa baridi tulikaa naye Jumamosi. Yeye anasoma kila mstari kwa sauti, anafika penye robo tatu, anafumba macho, anasema jina, na mimi naacha nafasi, naye anaiandika herufi kwa penseli. Wakati mwingine alikwama kwenye mmea mmoja nusu saa. Tuliwahi kungoja jina moja mpaka mashine ya kahawa ikajizima. Majina mawili hayakurudi. Alituambia tuache nafasi zake wazi, na ziko wazi hadi leo, ukurasa wa arobaini na moja na wa themanini. Ukifika hapo kwenye kitabu chako, zile nafasi ni zangu.

Mimi nilikuwa naona mistari. Wewe uliyekaa juu ya maboksi ulikuwa unasikiliza kingine kabisa. Ulimwuliza shimo linachimbwa urefu gani. Ulimwuliza kwa nini udongo mwekundu, siyo mweusi. Akaanza kukuletea majibu yaliyoandikwa nyuma ya tiketi za magari. Niliona ni uchangamfu wa mtoto. Sikuona kwamba maisha yako yalikuwa yanaota pale mbele ya macho yangu, na mimi nimeinamia penseli.

Ndipo akaja yule msomi kijana, mtu wa kompyuta, anayetafuta ushahidi kwamba herufi zile zinatumiwa na watu halisi, ili ziombewe namba kwenye orodha ya dunia. Alikuwa na zile kurasa chache za mwanzo nilizomtolea mzee kwenye karatasi, zile nzuri. Akataka maelezo ya mchapaji, herufi ilichapwaje. Ningeweza kuandika mstari mmoja wa kupendeza. Nilikaa na karatasi ile siku nne. Mwishowe nikaandika kwamba herufi hii niliichora mwenyewe, nikaiweka mahali pa alama nyingine bila kumwambia mwenye kitabu, na kwa sababu hiyo kazi yake ilipotea, na hii hapa chini ni orodha ya hasara yote. Nikatia sahihi jina langu kamili. Nilidhani nimeharibu ombi zima. Kijana akasoma, akasema, "Mama, hii ndiyo karatasi niliyokuwa naitafuta." Kumbe kilichohitajika ni kuonyesha kinachotokea kwa watu pale herufi yao inapokosa mahali.

Sikuamini kama mtu angeijali karatasi ile. Lakini namba ilikuja. Ikachukua muda tena kabla kompyuta za kawaida hazijaanza kuijua, na siku zilipoanza, Mzee Desta aliitwa dukani wakati wa mapumziko yake ya chakula. Wewe ulikuwepo. Nikachapa jina la mama yake, tukalituma kwa barua pepe Addis Ababa. Tukasubiri. Jibu la dada yake lilipokuja, lilikuwa na jina lilelile, zima, limechapwa upya huko kwa mkono mwingine na mashine nyingine.

"Wanaiona?" akauliza.

"Wanaiona," nikasema.

Akavaa kofia, akarudi kazini, mapumziko yalikuwa yamekwisha. Wewe na mimi tukabaki tunalia kama wajinga mbele ya Hirut.

Sasa ungedhani mwanamke aliyepita hapo amejifunza. Hata mimi nilidhani. Mwezi wa nne barua ya chuo ikaja, ukaja jikoni ukaniambia kwa Kiswahili, na hilo peke yake lilipaswa kunifumbua macho, "Mama, nataka kusoma udongo." Nikasema sawa, nikakukumbatia. Jumapili kanisani mtu akaniuliza Anande anakwenda kusomea nini, na kabla sijafikiri nikasikia mdomo wangu unasema udaktari.

Nitakwambia ukweli wangu wote. Niliona haya. Nimetoka milimani nikikimbia jembe, mwanangu, nimevuka bahari, nimefuta wazee wa watu, ili mtoto wangu arudi kwenye udongo? Ndivyo nilivyowaza. Na neno udaktari linapendeza, watu wanalipokea vizuri, hawaulizi la pili. Kwa hiyo nikamwambia mwingine. Na mwingine. Nikampigia bibi yako nikamwambia naye, akawaambia Same nzima. Kwenye midomo yetu ulikuwa daktari, na lilionekana safi kabisa. Lakini lilikuwa safi kwenye mashine yangu tu. Ukifika Iowa ukafungua mdomo wako mwenyewe, ni robo tatu kila mahali.

Nimerudia kosa lilelile, Anande, na safari hii herufi niliyoiweka mahali pasipo pake ni wewe.

Na nilijua limekamilika uliponiangalia Alhamisi, ukachagua kunifichia. Usinifichie tena. Sitakuhubiria kwamba usiseme uongo maishani, hatuna huo muda na mimi siyo wa kuhubiri. Ila mimi usinisemee. Nikinyamaza, niache ninyamaze mbele za watu mpaka nione aibu yangu mwenyewe. Ilinisaidia mara moja.

Leo asubuhi ulipotoka sikungoja. Nilichukua simu, nikaanza na mchungaji, nikamaliza na mama anayetuletea samaki. Watu kumi na mmoja, mmoja mmoja, kwa mdomo wangu. Niliwaambia nilisema uongo, mwanangu anakwenda kusoma udongo, na hakuwahi kuniambia kingine. Wengine walicheka. Mmoja alisema pole, nikamwambia pole ya nini. Mama Glory akasema, "Haiya! Sasa hii kitu ya moyo nilibuy nitado nayo nini?" Kisha akasema wacha Anande akae nayo tu, labda mchanga nao unapumua. Kwa hiyo jioni ukimwona, usimwambie kitu, jua anajua. Wote wanajua. Utaingia sebuleni ukiwa huna la kufunika.

Baada ya hao alibaki bibi yako. Nilimwacha wa mwisho kwa woga, nisikudanganye. Nilikwangua kadi ya simu mpya kabisa nikijua atanifokea mpaka iishe. Kwake ilikuwa jioni, nilisikia kuku wanaingizwa. Nikamwambia yote, kuanzia kanisani. Nikasema, "Mama, upo? Ni udongo. Atajifunza mambo ya udongo na mimea, kwa nini mimea inakufa na kwa nini inaishi."

Ndipo akauliza, "Kwa hiyo huyo anaweza kujua kwa nini tangawizi yangu inaozea shambani?"

Nikamwambia anaweza.

"Miaka mitatu inaoza," akasema. "Wameshakuja mabwana shamba wawili, wamekunywa chai wakaondoka. Na wewe mtoto alikuwa na jambo hili tangu mwezi wa nne, ukanificha?"

Kadi ikaisha hapo. Dakika tano baadaye akapiga mwenyewe, bibi yako ambaye hajawahi kupiga simu ya nje tangu azaliwe, akasema sentensi moja akakata. Amesema umwandikie ni udongo wa kina gani akuchimbie, na autie kwenye kitu gani usije ukamwagika njiani.

Mama yako